Kabla hamjasaini, lipitisheni guta: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara za Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Ujenzi, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI na Waziri wa Fedha. Kwa Watendaji Wakuu wa TANROADS (barabara kuu), TARURA (barabara za mijini na vijijini) na DART (mabasi ya mwendokasi). Kwa Kikosi cha Usalama Barabarani. Na kwa wakurugenzi wa halmashauri zetu za Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Ombi langu kubwa ni moja, nalitaja mapema ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini. Kabla hamjasaini hati ya kupokea barabara yoyote mpya ya jiji hili kutoka kwa mkandarasi, tafuteni guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, pakieni watoto wawili wa shule ya msingi pamoja na mabegi yao, kisha mhandisi wenu apande mwenyewe apige pedeli kwenye njia ya baiskeli, kuanzia mwanzo wa mradi hadi mwisho wake. Popote atakapolazimika kushuka alinyanyue, au kuliingiza katikati ya magari kwa sababu njia imekatika, hapo kazi haijaisha na malipo yasubiri. Mkiona ni hatari kuwapakia watoto, pakieni mfuko mmoja wa saruji, uzito ni uleule. Ila mtakuwa mmeshajijibu kama njia hiyo ni salama.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa chekechea na mwingine wa darasa la pili. Tunaishi Mabibo na shule yao iko ng'ambo ya Barabara ya Morogoro. Si mbali. Mtu mzima anautembea umbali huo bila kulalamika, lakini kwa mtoto wa miaka mitano mwenye begi, jua la saa saba mchana likiwa utosini, ni safari ya kweli. Basi nawabeba kwenye guta. Si lile la kukodi la kubebea madumu ya maji. Hili ni letu, alilichomelea fundi wa hapa mtaani kwa mabomba ya skwea. Magurudumu mawili yako mbele na moja nyuma, na sanduku liko mbele ili niwaone watoto muda wote. Ndani kuna benchi la mbao lenye kigodoro, mikanda miwili iliyotoka kwenye gari bovu gereji, na turubai la siku za mvua. Mtaani wananiita Mama Guta, na nimelizoea jina.

Swali la kwanza ninaloulizwa na kila mtu, kuanzia mama mkwe hadi abiria wa daladala aliyetoa kichwa dirishani, ni kama siogopi. Naogopa. Lakini anayeuliza naye aangalie hicho kingine kilichopo.

Kwenye daladala mwanafunzi analipa shilingi 200. Konda anaijua hesabu yake vizuri, ndiyo maana saa moja kasoro asubuhi utawaona watoto wenye sare wamejazana kituoni, gari likija wanakimbilia mlango, na mlango unafungwa mbele yao. Anayefanikiwa kuingia anasimama katikati ya mapaja na vikapu. Bodaboda nayo, kanuni zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa, na sote tunajua kinachofanyika: mdogo juu ya tenki, wawili nyuma ya dereva, mabegi yananing'inia kwenye usukani. Mishikaki. Mama aliyewapakia si mjinga wala hana roho mbaya. Anatakiwa kazini saa mbili na hana mwingine wa kuwapeleka. Mwenye uwezo kidogo analipia kipanya cha shule, ambacho huwachukua watoto gizani na kuwazungusha mitaa yote wakiwa wamebanana kabla ya kuwafikisha mahali ambapo kwa miguu ni robo saa.

Halafu kuna baiskeli yetu ya kawaida, Phoenix ya baba au ya babu, mtoto kwenye keria. Hiyo ndiyo waliyopandia wengi wetu. Ndiyo pia iliyowaachia wengi wetu kovu la kisigino, kwa sababu mguu wa mtoto anayesinzia hutafuta mahali pa kupumzika na hukutana na spoku. Ulizeni wauguzi wa zahanati yoyote kama hawaijui ajali hiyo. Sanduku la guta, pamoja na mapungufu yake yote, limeukinga mguu huo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwa hiyo nikiulizwa kama siogopi, najibu kwamba nimechagua chombo ambacho naweza kukiendesha polepole na kukisimamisha mwenyewe, huku watoto wakiwa mbele ya macho yangu. Lililobaki, yaani njia ya kupita, siwezi kulichomelea kwa fundi.

Nisije nikaonekana mtovu wa shukrani. Barabara ya Morogoro ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuanza. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria Mei 2016, tulipata zaidi ya mabasi: pembeni mwa zile kilomita 21 hivi kulijengwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kitu ambacho barabara zetu nyingi hazijawahi kuwa nacho. Jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, la kwanza barani Afrika kuipata, na njia hizo zilikuwa sehemu ya sababu. Nakumbuka kuipita siku zile na kujiambia kwamba hapa hata mtoto anaweza kupita. Mitaani nako, mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, uliingiza lami, mitaro na taa sehemu kama Tandale, Mwananyamala na Mburahati, mahali ambapo mvua moja tu ilikuwa inatosha kumfungia mtu ndani. Hizo ni kazi za kweli na waliozifanya wanastahili heshima.

Shida yangu inaanzia kwenye maungio. Njia ya baiskeli inakwenda vizuri, kisha inafika kwenye mlango wa kituo cha mafuta, inashuka ghafla, inapotea, na kuibukia ng'ambo ikiwa na kingo ya zege mbele yake. Inafika kwenye nguzo ya umeme iliyosimama katikati. Inafika kwenye mfuniko wa mtaro uliozama, au kwenye shimo ambalo mfuniko wake umeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye baiskeli ya magurudumu mawili anakwepa, anashuka, ananyanyua, anaendelea. Mimi nina watoto, mabegi na chuma kilichochomelewa na mtu asiyejua kubania vifaa. Siwezi kunyanyua. Nashuka barabarani, namwomba Mungu, na daladala inanipigia honi nyuma kana kwamba nimeingia sebuleni kwake.

Chombo cha magurudumu matatu kina tabia zake, na nadhani wanaochora hizi njia hawajawahi kukipanda. Baiskeli ya kawaida inalala kwenye kona. Guta halilali, likikata kona kwa kasi gurudumu la ndani linanyanyuka. Kwa hiyo kona ya njia ikiwa kali mno, inabidi nisimame kabisa. Gurudumu moja likipanda kingo na jingine likabaki chini, sanduku zima linaegama upande mmoja na watoto wanapiga kelele, mkubwa kwa hofu, mdogo kwa furaha. Na njia ikilazwa sana kuelekea mtaroni ili maji yamwagike, guta linavutwa kule muda wote, na mkono mmoja unauma kwa kupambana na usukani. Mlalo wa asilimia mbili unatosha kumwaga maji. Mwenye baiskeli ya kawaida hata hautambui. Tunaoumia ni sisi wa magurudumu matatu, na ndugu zetu wenye ulemavu wanaotumia baiskeli za kupiga pedeli kwa mikono.

Hao nataka muwakumbuke kuliko mnavyonikumbuka mimi. Mimi nikishindwa, naacha guta nyumbani, nawashika watoto mkono, tunatembea. Mwenye baiskeli ya mikono akishindwa, hana miguu ya akiba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ipo. Jaribio la guta ninaloliomba lingekuwa njia rahisi ya kujua kama sheria hiyo imefika mpaka chini kwenye matofali, maana palipopita guta la watoto pamepita baiskeli ya mlemavu, pamepita mama mwenye kigari cha mtoto, na pamepita muuza maji ambaye naye ni mlipa kodi.

Sasa niseme kuhusu zile nguzo fupi mnazozipanda mwanzoni mwa njia ili kuzuia magari. Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu jambo ni dogo na linaniudhi kuliko yote.

Guta langu lina upana wa karibu sentimita 90. Nguzo hizo mara nyingi zimesogezwa karibu mno kiasi kwamba halipiti. Sawa, mtasema, lengo ni kuzuia bodaboda. Lakini bodaboda ni nyembamba kuliko guta! Dereva anainamisha usukani kidogo, huyo kapita, na abiria wake nyuma. Mmetega chujio linalobakiza mchele na kupitisha mawe. Matokeo yake njia ya baiskeli imejaa pikipiki zinazokwenda kasi, na chombo ambacho njia ilijengwa kwa ajili yake kimeachwa nje, kwenye lami, pamoja na malori.

Vipimo vyenyewe vipo, ni suala la kuvichukua. Bajaji ina upana wa karibu mita 1.3, magari kama IST na Noah yanakaribia mita 1.7. Nguzo zikiachana mita 1.2, guta linapita na nafasi ya viwiko, baiskeli ya mlemavu inapita, bajaji haipiti, gari haliwezi hata kujaribu. Bodaboda itapita, ndiyo, kwa sababu hakuna nguzo duniani inayoweza kutofautisha pikipiki na baiskeli. Hiyo ni kazi ya askari. Kikosi cha Usalama Barabarani kikikaa kwenye njia hizo asubuhi wakati wa shule, siku chache tu za kila mwezi, tena bila kutangaza, habari itafika vijiweni kabla ya saa nne. Mtandao wa bodaboda hauhitaji gazeti.

Kwa upande wa kuvuka barabara, naomba jambo fupi. Daraja la waenda kwa miguu lenye ngazi si kivuko kwa mtu mwenye magurudumu. Mkijenga daraja, wekeni na rampu, au mtuachie kivuko cha chini chenye taa. Tumejengewa Daraja la Mfugale pale TAZARA mwaka 2018 na lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, na foleni za magari zimepata pa kupumulia. Ila anayepita juu kwa dakika moja hamwoni anayesubiri chini na sanduku la watoto, akitafuta sekunde ya kuvuka njia ambayo haina mwisho wa magari.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya, na kwamba nimeangalia sana video. Ni kweli Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mzazi anayepeleka watoto chekechea kwenye sanduku la baiskeli hageuziwi shingo na mtu. Lakini angalieni walivyofika hapo. Baiskeli za mzigo za kwao zilianza kazi mwanzoni mwa karne iliyopita zikiendeshwa na vijana waliosambaza mikate, maziwa na barua, watu wa hali ya chini kabisa. Ilikuwa mwaka 1984 ndipo fundi mmoja wa Christiania, mtaa wa Copenhagen, Lars Engstrøm, alipotengeneza ile ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele ambayo familia ziliikimbilia. Baiskeli ilianza na mizigo, watoto wakafuata. Kariakoo imejaa maguta tangu sijaolewa. Sehemu ya kwanza ya historia hiyo tumeshaimaliza, tena bila msaada wa mfadhili.

Na kama mnataka mfano wa hapahapa wa jinsi kitu kidogo kinavyookoa watoto, mnao. Shirika la Amend lilizunguka shule za msingi za Dar es Salaam likiangalia mahali watoto wanapogongwa, kisha likaweka vitu vya kawaida kabisa: matuta, alama, njia ya miguu iliyotenganishwa na magari, vivuko mbele ya geti. Kazi hiyo, iitwayo SARSAI, ilishinda tuzo ya kwanza ya Ross ya miji mwaka 2019, ikishindana na miradi kutoka pande zote za dunia. Walichofanya wao ni kuanzia kwenye geti la shule na kurudi nyuma. Nawashauri na nyinyi muanzie hapo. Njia kubwa ya Morogoro inanisaidia katikati ya safari. Mwanzo na mwisho wake viko mikononi mwa TARURA, na hapo ndipo kuna vumbi, mitaro wazi na magari yanayokata njia za mkato kukwepa foleni. Mbele ya shule kasi ya kilomita 30 kwa saa ndiyo inayokubalika na wataalamu dunia nzima. Kibao peke yake hakipunguzi kasi ya mtu. Tuta linapunguza.

Nahamia kwenye chombo chenyewe, kwa sababu siwezi kuwalaumu nyinyi tu na kumwacha fundi wangu, ambaye nampenda.

Ukiacha barabara, hatari nyingine iko kwenye kuchomelea. Shingo ya usukani na mahali sanduku linaposhikana na fremu ndipo nyufa huanzia, na rangi mpya huzificha. Uholanzi, nchi ya baiskeli kuliko zote, haikuponea hapo. Mwezi Februari 2024 mamlaka yao ya usalama wa bidhaa iliilazimisha kampuni ya Babboe kusimamisha mauzo ya baiskeli zake za kubebea watoto kwa sababu fremu zilikuwa zinavunjika. Kabla ya hapo, Septemba 2018 katika mji wa Oss, kigari cha umeme cha kubebea watoto wa kituo cha malezi kiligongwa na treni kwenye kivuko cha reli na watoto wanne wakafariki. Serikali yao ilikiondoa kigari cha aina hiyo barabarani ndani ya wiki mbili. Nawatajia haya nikijua kwamba mpinzani wangu atayatumia. Ayatumie. Somo ninaloliona mimi ni kwamba chombo cha watoto kinahitaji mkaguzi, na wenzetu walipokosea hawakurudi kwenye mishikaki.

TBS, shirika letu la viwango, ina viwango vya vitu vingi. Naomba iwe na kiwango cha sanduku la kubebea watoto, kilichoandikwa kwa Kiswahili na kuchorwa, si kitabu cha kukaa kabatini. Fundi wa mtaani akikiangalia aelewe. Breki zipimwe kukiwa na mzigo, kwa sababu guta tupu linasimama vizuri na lenye kilo hamsini linateleza. Kuwe na breki ya kuegeshea. Watoto hupanda upande mmoja, wote kwa pamoja, na guta lisilofungwa linaondoka nao kabla mama hajakaa. Kuta za sanduku zizidi kiwiko cha mtoto aliyeketi. Spoku zizibwe. Mikanda ishikizwe kwenye chuma, siyo kwenye ubao. SIDO (viwanda vidogo) na VETA (mafunzo ya ufundi) wana walimu wanaoweza kumfundisha fundi haya yote kwa muda mfupi, na fundi akitoka huko ana cheti cha kubandika ukutani na sababu ya kuongeza bei kidogo. Nitailipa.

Kuhusu umeme nitakuwa mwangalifu, maana guta langu ni la miguu tu. Mabibo hakuna mlima wa kutisha. Lakini rafiki yangu anaishi Kimara, na mtu wa Kimara, Goba au Makongo akikwambia anapanda kwenda nyumbani anamaanisha kupanda. Alijaribu guta bila mota, akaishia kulisukuma watoto wakimshangilia. Sasa amefunga mota ya wati 250 inayosaidia anapopiga pedeli na kukata anapoacha. Kwa nilivyoona mimi, kinachobadilika hasa ni kuanza mwendo: taa zikiruhusu, au ukitoka kwenye kona ya mlima, chombo kinaondoka bila kuyumba, na kuyumba ndiko kunakowafanya madereva wakupite kwa kukukosa kidogo.

Hesabu yake inafurahisha. Betri ya wati-saa 500 ni nusu uniti ya LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Kwa bei ya kawaida, elfu kumi inanunua uniti 28 hivi, kwa hiyo kuijaza betri hiyo ni chini ya shilingi 200. Ni chini ya nauli ya mwanafunzi mmoja, mara moja, kama konda akimruhusu kupanda, na inatosha kwenda na kurudi shule siku kadhaa. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115. Sidhani maguta ya watoto wa Kimara yatalimaliza.

Kinachokwamisha ni bei ya kuanzia na utata wa kisheria. Betri na mota vilimgharimu rafiki yangu zaidi ya guta zima. Mheshimiwa Waziri wa Fedha, tunaomba vifaa hivyo, vikiingizwa kwa ajili ya baiskeli, vihesabiwe kwenye forodha kama vipuri vya baiskeli, na baiskeli yenye mota ndogo isichanganywe na pikipiki. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973; walioiandika hawakuweza kukifikiria chombo hiki. Umoja wa Ulaya umechora mstari ulio wazi: mota isiyozidi wati 250, inayosaidia tu mtu anapopiga pedeli, na kukata ikifika kilomita 25 kwa saa, hiyo ni baiskeli. Ikizidi hapo ni pikipiki na ifuate masharti ya pikipiki. Nasi tunaweza kuuchora mstari kama huo kwenye kanuni, na tuuchore mapema, kwa sababu vijana wetu wa gereji ni wabunifu na kuna siku mtu atafunga mota ya wati elfu tatu kwenye sanduku la watoto na kuliita baiskeli.

Utata huo si wa kufikirika. Siku moja njiani askari alimsimamisha rafiki yangu, akalizunguka guta, akauliza leseni, kisha namba ya usajili, kisha bima. Hakuwa mkali. Alikuwa anatafuta tu boksi la kukitia chombo kile na hakulipata, mwisho akawauliza watoto wanasoma darasa la ngapi na kuwaruhusu waende. Siku nyingine atakutana na asiye na subira. Andikeni kanuni, ili askari ajue anachotakiwa kukagua, mathalani breki, taa, mikanda na mota, na sisi tujue tunachodaiwa.

Mtaniuliza fedha zitoke wapi. Mwaka 2016 UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa lililo hapa jirani Nairobi, lilipendekeza nchi zitenge angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Siombi mfike huko kesho. Mengi niliyoyaandika hayahitaji hata fungu jipya: nguzo zilizoachana mita 1.2 hazina gharama zaidi ya zilizoachana sentimita 70, na kingo iliyolazwa wakati zege likiwa bichi haigharimu kama ile ya kuja kuvunjwa baadaye. Inahitajika mchoraji ajue, na mkaguzi asikubali kinyume chake.

Ndiyo maana nasisitiza wakati. Awamu ya nne ya mwendokasi inahusu Barabara ya Bagamoyo na Sam Nujoma. Kwa sisi wa upande huu wa Ubungo, Sam Nujoma ndiyo njia ya kwenda Mwenge, Mlimani na shule nyingi zilizojificha nyuma yake. Kila mita ya kingo inayowekwa vibaya sasa tutakaa nayo miaka ishirini. Wangu wawili watakuwa wameshalizidi sanduku muda mrefu kabla ya hapo. Mkubwa ameanza kulalamika kwamba magoti yanagonga mbele. Lakini jirani yangu amemwomba fundi vipimo, na mwanawe anaanza chekechea Januari.

Naomba majibu, hata mafupi, kutoka kwa yeyote kati yenu: nani anachora nguzo hizo, na mchoro wake unaweza kubadilishwa lini?

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama Guta
Mabibo, Dar es Salaam